Mahari Yangu Ilikuwa Piano

Kwanza nisahihishe jambo moja. Ile haikuwa kinanda. Mtaa mzima wa Kuze, hapa Mombasa, waliiita kinanda, na mpaka leo wapo wanaonikuta kwenye arusi na kuniuliza, "Wewe si yule bibi wa kinanda?" Kinanda wanachokijua wao ni kile cha mivukuto, ambacho wapiga taarabu huketi nacho chini wakakisukumia upepo kwa mkono mmoja na kukicheza kwa mkono wa pili. Yangu ilikuwa piano. Ndani ya piano hamna upepo wa kuzima hata kibatari. Mna nyuzi za chuma na nyundo ndogo za mbao zilizovikwa sufu ya kondoo. Ukibonyeza kibao kimoja, nyundo yake inaruka, inagonga uzi, na inarudi hapo hapo ili uzi upate nafasi ya kulia. Nimeyaeleza haya mara nyingi mpaka nimechoka. Nitayaeleza tena, kwa sababu yote yaliyonifika yaliletwa na watu waliojiona hawana haja ya kuuliza.

Nilijifunza kwa mjane mmoja wa Kigoa, mtu wa Goa ya Uhindini, aliyekaa kichochoro cha nyuma yetu. Mamangu alinipeleka kwake kujifunza cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, vita vikubwa vimeanza, na mama alitaka niwe na kazi ya mikono kabla sijaolewa. Yule mjane alikuwa na cherehani chumba cha nyuma na piano chumba cha mbele. Siku ya kwanza niliposikia akiicheza, nilijidunga sindano kidoleni na sikuhisi. Nikamwomba anifundishe. Akasema nimalize upindo kwanza. Nikaumaliza vibaya, akaufumua wote, nikaushona upya, ndipo akaniweka kwenye kiti. Kwa miaka mitano mama aliamini kwamba mimi ndiye msichana mzito wa kushona kupita wote Mombasa. "Miaka mitano," alikuwa akisema, "na kanzu ya nduguyo haijakaa sawa mabegani!"

Mwalimu alikuwa mkali. Alikuwa na rula ya mti, na vidole vyangu viliijua. Lakini hakunyima maarifa. Ndiye aliyenieleza kwamba zamani, kabla ya piano, Wazungu walikuwa na chombo kilichofanana nayo, ila nyuzi zake zilidonolewa na vipande vya manyoya ya ndege. Hata ukibonyeza kwa nguvu zako zote, sauti ilikuwa ile ile moja. Kisha fundi mmoja wa Kitaliani, aliyekuwa akitunza vyombo vya muziki katika nyumba ya wakubwa, akatoa manyoya na kuweka nyundo. Hiyo ni zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kuanzia hapo mkono wa mchezaji ukawa na amri: ukigusa polepole inanong'ona, ukigusa kwa nguvu inapaza. Jina lake lote kwa Kitaliani maana yake ni hiyo tu, ya polepole na ya nguvu, na watu wakalikata wakabakisha nusu. Alinieleza pia kwamba katika vyombo vingi vya kale rangi zilikuwa kinyume, vibao vya chini vyeusi na vile vidogo vya juu vyeupe. Yake ilikuwa na vibao themanini na tano. Nyuzi zilizidi mia mbili, maana sauti za kati na za juu kila moja ina nyuzi tatu, na zile nzito za chini zina mmoja mmoja.

Siku moja alinishika kidole akakiweka juu ya kibao cheupe.

"Wajua hii ni nini?"

"Pembe," nikasema.

"Ya wapi?"

Sikujua.

"Ya kwenu," akasema, na akacheka.

Akanieleza jinsi pembe za ndovu zilivyotoka bara mabegani mwa watu, zikapakiwa kwenye pwani yetu hii, zikafika viwandani ng'ambo. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba kama ukucha na kuanikwa majuma kadhaa ndani ya nyumba za vioo ili jua lizing'arishe. Kisha zikabandikwa juu ya vibao na kurudishwa kwetu ndani ya sanduku, na sisi tukaambiwa tusiguse. Hayo ya mwisho nayasema mimi, hakuyasema yeye. Yeye alikuwa mmoja wa waliosema tusiguse. Kila mwaka aliwakusanya wanafunzi wake wa Kigoa na wa Kizungu wacheze mbele ya wazee wao, na mimi, niliyewapita wengi wao, sikualikwa hata mara moja. Nilipomuuliza alisema, "Wewe huja kushona." Nilimchukia kwa neno hilo, na kesho yake saa zile zile nikaenda tena, kwa kuwa piano ilikuwa kwake.

Vita vikaisha. Mwalimu akaamua kurudi Goa kwa ndugu zake, na piano hakutaka kuipakia melini. Mwezi huo huo posa ikaja kwetu. Mchumba alikuwa karani katika maghala ya Shimanzi, kijana wa nyumba ya watu wa Kuze waliokuwa na majahazi tangu babu zao. Nikaulizwa, kama ilivyo desturi, nataka mahari gani.

Nikasema nataka piano.

Mama alikaa chini sakafuni. Baba alisema mahari ni dhahabu, au nguo, au kitu mtu anaweza kukitaja bila kuona haya. Shangazi zangu walisema nimefanyiwa jambo. Akaitwa maalim aliyenisomesha Kurani, mzee mpole, akasikiliza, akauliza kama piano ni kitu ambacho mtu aweza kukimiliki. Akaambiwa ndiyo. Akauliza kama mchumba ameridhia. Mchumba aliposikia alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema ameridhia. "Basi ni yake," maalim akasema, "na ikishakuwa yake hapana wa kuigusa ila kwa idhini yake." Neno hilo lilisemwa mbele ya watu, na mume wangu mtarajiwa alikuwa mmoja wao. Nakiri kwamba nilimpenda kwa kicheko kile. Nilidhani ni kicheko cha mtu aliyefurahi kwamba mkewe anajua anachokitaka.

Hamali wanane waliipandisha. Ngazi za nyumba yake zilikuwa nyembamba, ikabidi dirisha la orofani ling'olewe na fremu yake, piano ivutwe kwa kamba kutoka uchochoroni, watoto wote wa mtaa wakipiga makofi. Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alisimama ndani akishika kichwa. Nyumba ilikuwa ya zamani, sakafu ya juu imebebwa na boriti, na piano ilipotua boriti zikalia. "Hini itatuua," mavyaa akasema. Akaleta makopo manne ya mafuta ya taa, akaweka kila mguu ndani ya kopo lake kama tunavyofanya kwenye makabati ya chakula, mchwa wasipande. Kwa hilo sikumlaumu. Tena nilimshukuru.

Tuligombana kwa kifuniko. Mimi nikifunua vibao mchana, yeye anafunika kwa kuogopa vumbi, na juu yake anatandika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa mrashi wa marashi. Nilimweleza kwamba pembe ikikaa gizani hugeuka manjano, yataka mwangaza. Akasema meno yake mwenyewe yamegeuka manjano na hayajawahi kufunikwa. Basi nikawa nafunua, anafunika, nafunua, anafunika. Mume wangu aliona ni mchezo. Nilipewa ruhusa ya kucheza baada ya laasiri mpaka karibu na magharibi, madirisha yamefungwa, na katika saa hizo nilikuwa mtu ninayemjua. Sikutaka kitu kingine katika nyumba ile.

Masika yalipokuja chokaa ikaanza kudondoka darini, chini kwenye stoo ya mavyaa. Boriti moja ikapata ufa. Mume wangu aliupima kwa kidole, akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimwambia amwite fundi aongeze nguzo chini ya ile boriti. Akasema, "Wewe nenda kajifungue kwa salama. Haya niachie mimi." Nikaenda Kibokoni kwa mamangu, kama kila mwanamke anavyokwenda kwao kwa uzazi wa kwanza, na huko nikakaa mpaka arobaini ikaisha. Nilizaa mtoto wa kike. Katika siku zote hizo mume wangu alikuja kututazama, akaleta samaki, akaleta vitenge, na juu ya piano hakusema neno. Mzazi hapewi habari za kumshtua. Lakini yeye hakunyamaza kwa kuogopa kunishtua. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ananiwekea zawadi.

Niliporudi nyumba ilikuwa imefukizwa udi. Mavyaa akampokea mtoto. Mume wangu akanishika mkono akanipandisha juu, na piano ilikuwa pale pale, imepakwa vanishi mpya, inang'aa mpaka niliuona uso wangu. Makopo ya mafuta yameondolewa. Kifuniko kiko wazi, kwa mara ya kwanza bila mimi kukifunua mwenyewe.

"Cheza," akasema.

Nikaketi, nikaweka mikono yote miwili, nikabonyeza.

Tok.

Nikabonyeza tena. Tok, tok. Mti juu ya mti. Nikashuka mpaka vibao vya mwisho kushoto, nikapanda mpaka vya mwisho kulia. Vyote viliteremka na kupanda kama kawaida yake na hakuna hata kimoja kilichotoa sauti. Nikasimama nikafungua mlango wa juu, nikatazama ndani. Nyundo zilikuwa zimejipanga, themanini na tano, zikitazama utupu. Mbele yake ukuta wa chumba. Hata ule ubao mwembamba wa nyuma, wa mti wa milima ya baridi, unaochukua mtetemo wa nyuzi na kuufanya sauti, ulikuwa umetolewa.

"Mume wangu," nikasema, "umefanya nini?"

"Tumeitoa farumi," akasema, na uso wake umejaa furaha.

Ambaye hakuzaliwa na watu wa vyombo vya baharini huenda asijue. Farumi ni mawe au vyuma vinavyolazwa chini kabisa ndani ya chombo ili kiwe kizito kisipinduke. Chombo kikipandishwa pwani kutengenezwa, farumi inatolewa. Mume wangu na ndugu zake walipofungua piano kutafuta uzito ule unaopasua boriti, waliona chuma kikubwa tumboni mwake, kimefichwa pasipoonekana. Watoto wa majahazi wale, wakaambiana papo hapo kwamba Wazungu wamekiweka ili piano isianguke ikiwa melini. "Na hapa haiendi mahali," akanieleza, kama anayemweleza mtoto. "Iko nyumbani. Ya nini farumi?" Wakamleta fundi wa milango. Fundi akaona chuma kimeshikwa na nyuzi, akachukua koleo akaanza kuzikata. Uzi wa tatu uliruka ukampasua shavu. Wakamfunga kitambaa, wakacheka, wakamwambia asimame upande wa pili aendelee.

Hata damu haikuwafanya waulize! Mtu akikata uzi ukampasua uso, si atajua kwamba ule uzi ulikuwa umevutwa na una kazi? Mwalimu aliniambia siku nyingi: nyuzi zote zile kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani kumi na zaidi, na piano za mwanzo, zilizokuwa na fremu za mbao tupu, zilikuwa zikipinda na kupasuka, mpaka mafundi wakaamua kutia chuma kizima. Kile chuma ndicho kinachostahimili. Nilimwambia yote hayo nikipiga kelele, mavyaa akapanda na mtoto mkononi akidhani tumeuana.

"Kile chuma ndicho piano!" nikasema.

"Na hini ni nini?" akauliza, akaipiga kofi ubavuni.

"Sanduku."

Chuma kilikuwa kimekwenda Shimanzi pamoja na vyuma vikuukuu vingine, na kilishapakiwa. Ule ubao wa nyuma fundi alipewa, ikawa rafu. Nyuzi nene za chini mume wangu alimgawia muuza mishikaki, zikanyooshwa na kuchongwa ncha. Kwa hiyo nilikuwa Kibokoni nakunywa uji wa pilipili manga, na watu wanakula nyama ya ng'ombe kwenye mahari yangu.

Nilisema nataka piano inayolia, au nataka talaka yangu. Nilisema nikiwa nimesimama na kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Ikawa lazima waitwe wasuluhishi, mmoja upande wangu na mmoja upande wake, kama dini ilivyoelekeza. Upande wangu akaja mjomba. Upande wake akaja ami yake, nahodha mstaafu. Walikunywa kahawa, wakasikia maneno ya mume wangu, kwamba mahari nilikabidhiwa, iko, nzima, na yeye hakuongeza ila vanishi. Kisha wakapanda kuitazama. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mtoto yuko kifuani.

Niliwaona wakiizunguka. Walishika mbao. Ami aliinama akatazama miguu. Mjomba alihesabu vibao kwa kidole bila kuvibonyeza, akapotea hesabu, akaanza tena. Walishika vishikio viwili vya shaba vya kuwekea mishumaa.

"Vyote viko," ami akasema.

"Mjomba," nikasema nyuma ya pazia, "msiitazame. Isikizeni."

Kisha ami akakohoa. "Mwanangu," akasema, "sisi watu wazima hatukuya hapa kumsikiza mke wa mtu apija kinanda."

Basi nithibitisheje? Ushahidi wa kesi yangu ulikuwa sauti, na sauti ikitoka mikononi mwangu ni aibu kuisikia. Nikamwambia mjomba aibonyeze mwenyewe. Mjomba, mtu mwema, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, akanyoosha kidole kimoja akabonyeza.

Tok.

Wakatazamana. Hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyewahi kusikia piano maishani mwake.

"Yalia," ami akasema.

"Sauti yake ndogo," mjomba akasema, "lakini yalia."

Wakakata shauri pale pale, wamesimama. Mahari ipo. Mume amefanya vizuri kuokoa nyumba isianguke. Mke ameponyokwa na neno talaka kwa uchovu wa uzazi, amtake mumewe radhi. Mjomba alisogea karibu na pazia akaninong'oneza, "Vumilia, mwanangu, kitu chenyewe kiko," na akashuka ngazi. Nilimheshimu mjomba mpaka alipokufa, lakini sikumbusu mkono tena.

Radhi sikumtaka. Nilichofanya ni kucheza. Kesho yake, baada ya laasiri, saa ambayo mume wangu amerudi kutoka Shimanzi na marafiki zake wamekaa barazani chini yetu, nilifungua madirisha yote, nikaketi, nikacheza somo zima kuanzia mwanzo. Mizani ya kupanda na kushuka sauti kwa mkono wa kulia, ile ile kwa mkono wa kushoto, kisha vipande vyote nilivyovijua. Tok tok tok tok. Nikasikia mtu barazani akiuliza, "Kuna nini huko juu, watwanga karafuu?" Wakacheka. Siku ya pili nikacheza tena. Siku ya kumi hawakucheka. Mume wangu akapanda akasema, "Basi, yatosha."

"Si yalia?" nikamuuliza. "Wazee wamesema yalia."

Nilicheza kila siku. Marafiki wakahamia baraza ya nyumba nyingine. Mavyaa alianza kusali laasiri kwa jirani. Mtoto alijifunza kukaa, kisha kutambaa, kwa ile tok tok. Kilichonipa nguvu ni kwamba mimi nilikuwa naisikia. Vidole vikigusa mahali pake, sauti ilikuja kichwani, kila moja na urefu wake, ya polepole na ya nguvu, na nilijiambia wamenitolea chuma lakini muziki haumo kwenye chuma. Nilijiona nimewashinda.

Masika mengine yalikuwa yamekwisha pale nilipoketi siku moja, nikaanza kipande nilichokijua kupita vyote. Mikono ilikwenda bila kosa. Nikasikia tok tok tok. Nikasimama, nikafuta mikono, nikaanza upya. Tok tok. Nikaacha vibao, nikajaribu kuuimba mwanzo wake kwa mdomo, nikapata sauti mbili, ya tatu haikuja. Nikajaribu kipande kingine, na kingine. Mbao tupu. Sijui zile sauti zilinitoka kichwani lini. Hazikuniaga.

Nilikuwa bado nimeketi mume wangu alipopanda ngazi. Alisimama mlangoni, hajavua hata kofia ya kazini. Akasema alitumwa kupeleka karatasi kwenye meli moja bandarini Kilindini, na akisubiri sahihi akasikia, kwenye chumba cha abiria, mwanamke anacheza piano. Alisimama pale, akasahau karatasi, mpaka baharia akaja kumwondoa.

"N'mekosa," akasema. "Sikujua yasema vile. Wallahi sikujua. N'samehe."

"Yasemaje?" nikamuuliza.

Akasema ni kama, ni kama, na hakupata neno. Nikamwambia basi niimbie, hata kidogo. Akajaribu, mtu mzima, mlangoni, na ile kofia kichwani. Hakujua kuimba. Nilimkasirikia wakati ule kuliko siku aliyokitoa kile chuma, kwa sababu sasa yeye ndiye aliyekuwa nayo masikioni, na mimi sina.